Siku nyepesi ndiyo inayotushinda

Jumamosi moja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha mafuta pale Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, tukiwasubiri wenzetu wa kundi la baiskeli. Giza lilikuwa bado, na matrela ya Malaba yalikuwa yanapita yakitikisa ardhi. Kijana mmoja wa klabu, mwembamba, kilo 60 akiwa ameshiba, akanionyesha simu yake. Programu aliyoipakua ilikuwa imempangia intavo, yaani vipindi vinane vya sekunde 20 za nguvu zote, na kati yake sekunde 10 za kupumua. Alikusudia kuvifanya tukisharudi.

"Jana ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Intavo, mzee. Kilima cha Naguru, mara sita."

"Na juzi?"

"Juzi nilikwenda polepole." Akafikiri kidogo. "Ila nilikutana na vijana wengine pale Mukono, ikawa mashindano."

Sikumjibu, maana kundi lilikuwa limeshaanza kuondoka. Dakika kumi baadaye mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma meno nyuma ya gurudumu lake nikijaribu nisiachwe. Kwenye daftari langu siku ile ilikuwa imeandikwa: nyepesi.

Nitasema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu. Waendesha baiskeli wa mashindano hapa Uganda hawana upungufu wa ukali hata kidogo. Kinachotukosekana ni uvivu wa makusudi. Tunaendesha karibu kila siku katika ile hali ya katikati, ambayo ni ngumu mno kwa mtu anayetaka kupumzika na laini mno kwa anayetaka kuubadilisha mwili wake. Halafu juu ya uchovu huo tunaongeza intavo za kwenye simu, na matokeo yakikataa tunasema tukaze zaidi.

Waganda wana jina la utani la baiskeli: manyi ga kifuba, nguvu za kifua. Aliyelitunga hakusoma fiziolojia, lakini hakukosea sana. Kinachomtenganisha mwendeshaji na mwenzake mlimani, kwanza kabisa, ni oksijeni: moyo unasukuma damu kiasi gani kwa pigo moja, na misuli ya mapaja inaitumiaje ikishafika. Mwendo mrefu wa taratibu hujenga zaidi upande wa misuli. Mishipa midogo ya damu huongezeka, na mitokondria, vile vinu vya ndani ya seli vinavyochoma mafuta na sukari, huzaana. Kazi kubwa ya vipindi vikali ni kuupeleka moyo karibu na kikomo chake na kuuweka hapo. Tatizo ni kwamba mtu akifika kikomoni hadumu. Dakika tano, sita, miguu inagoma. Lakini akiikata kazi vipande na kuvuta pumzi katikati, anaweza kukusanya dakika 15 au 20 za kukaa kule juu katika asubuhi moja. Ujanja wote wa intavo ndio huo, na ni wa zamani kuliko simu yoyote. Woldemar Gerschler aliwafundisha wakimbiaji hivyo huko Ujerumani miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Rudolf Harbig akaja kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939.

Mimi nimezaliwa Busia, na kwetu jambo hili lilikuwepo kabla halijapewa jina. Baba yangu mdogo alikuwa boda boda enzi boda boda ni baiskeli, neno lenyewe likiwa bado ni kelele ya kuita abiria, "Boda! Boda!", kutoka mpaka wa upande huu hadi mpaka wa Kenya. Mama mmoja na gunia lake la sukari wanapakiwa kwenye keria yenye kimto cha sponji, baba mdogo anasimama juu ya pedali, mishipa ya shingo imetoka, anaikata njia yote bila kukaa. Akifika upande wa pili anapanga foleni. Foleni ile ilikuwa na sheria kali, anayeiruka anapigwa. Kwa hiyo baada ya kila safari alikaa kwenye benchi chini ya mwembe dakika 10, dakika 15, siku nyingine nusu saa, akinywa chai ya rangi na kubishana siasa. Alikuwa na mapaja ambayo mpaka leo sijayaona kwa mtu asiyelipwa kwa michezo. Nilipokuwa mdogo nilidhani mapaja yale yametokana na zile mbio. Siku hizi nadhani foleni ilichangia nusu.

Vijana wetu wana mbio, hawana foleni.

Turudi kwenye zile sekunde 20 na 10. Zilienezwa na utafiti wa Mjapani Izumi Tabata na wenzake, uliochapishwa mwaka 1996. Wenyewe waliupata mpango huo kwa Irisawa Koichi, kocha wa Wajapani wanaoteleza kwa kasi kwenye barafu. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa elimu ya viungo. Walipanda baiskeli ya maabara iliyofungwa mzigo wa asilimia 170 ya ule unaomfikisha mtu kwenye kikomo chake cha oksijeni, wakarudia mara saba au nane mpaka wakashindwa kabisa kushika mzunguko. Baada ya wiki sita kikomo chao kilikuwa kimepanda kwa mililita 7 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na uwezo wao wa kufanya kazi bila kutegemea oksijeni ukapanda kwa asilimia 28. Kundi jingine lilikuwa likiendesha saa nzima kwa asilimia 70 ya kikomo hicho. Hilo lilipanda kwa mililita 5, na ule uwezo wa pili haukusogea.

Namba hizo zimeuza programu nyingi za simu. Lakini zisome tena. Kundi la sekunde 20 lilianza na wastani wa 48, lile jingine na 53. Aliye chini ana nafasi kubwa zaidi ya kupanda. Tena walikuwa wanafunzi, na kijana wangu wa Bweyogerere ameshindana miaka minne. Na juu ya yote, asilimia 170 ni mzigo usiowezekana kwa mtu aliyekimbizana kilomita 90 asubuhi ile ile. Anachofanya ni kukanyaga kwa hasira akiwa amechoka. Simu inalia, anakanyaga. Simu haijui kwamba wati, yaani nguvu, alizotoa kipindi cha saba zimebaki nusu ya zile za kwanza. Inamwandikia hongera.

Mtu aliyenigeuza mawazo mimi ni Stephen Seiler, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Agder huko Norway. Alipekua jinsi wapiga makasia, watelezaji wa theluji na waendesha baiskeli wa kiwango cha juu wanavyofanya mazoezi kweli, mbali na wanavyosimulia, akakuta kwamba kwa makadirio mazoezi manane katika kila kumi ni mepesi. Hapo wengi huteleza, wakadhani ni asilimia 80 ya saa. Hesabu ile ni ya idadi ya mazoezi. Ukihesabu saa, sehemu kali inashuka karibu na moja ya kumi.

Mwaka 2013 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa kila kocha wa klabu alibandike ukutani. Waendesha baiskeli 35, watu wa kawaida waliozoea mazoezi, waligawanywa kwa wiki saba. Mbali na waliobaki na mwendo mwepesi peke yake, wako waliofanya vipindi vinne vya dakika 4, wako wa vinne vya dakika 8, na wako wa vinne vya dakika 16. Waliopanda zaidi ni wa dakika 8, mapigo yao ya moyo yakiwa kama asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa. Wale wa dakika 4 walifika asilimia 94, yaani waliteseka zaidi, wakapata pungufu. Mateso hayakulipwa. Kwa sisi tuliokulia kwenye falsafa ya kwamba zoezi lisilokutapisha si zoezi, hiyo ni habari ngumu kumeza.

Namna ya kuzifanya hizo dakika 8 ni kazi ya ufundi, na haihitaji kompyuta. Kipindi cha kwanza kikufanye ujione kama unadanganya. Cha pili unakuwa makini. Cha tatu unaanza kuhesabu nguzo za umeme. Cha nne ukiulizwa swali unaweza kujibu maneno matatu, la nne linakatika. Ukiona cha nne kimekwenda polepole kuliko cha kwanza, basi cha kwanza ndicho ulichokiharibu. Kijana aliyezoea sifa ya kuchomoka mapema hawezi hili kwa miezi miwili ya kwanza. Nimewaona wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kuna mpango mwingine wa Norway ambao nauamini kuliko Tabata kwa watu wetu, wa Bent Rønnestad wa Lillehammer. Sekunde 30 za kazi, 15 za nafuu, mara 13 mfululizo. Unapumzika dakika tatu, unarudia, mpaka seti tatu. Aliulinganisha na vipindi vinne vya dakika tano tano kwa wiki 10, na waliofanya vifupi wakasonga mbele zaidi. Siri iko kwenye zile sekunde 15. Miguu inapata nafuu, lakini kifua hakipati muda wa kujua kwamba kazi imesimama, kwa hiyo moyo na mapafu vinabaki kule juu karibu dakika tisa na nusu zote za seti. Ila zile sekunde 30 ni ngumu kiasi, si za kufa. Mtu akizichukua kama mbio za mwisho kwenye utepe, atakuwa amekwisha kabla ya ya nane.

Swali la mahali ni gumu kuliko swali la mpango. Dakika 8 zinataka mlima wa dakika 8, na Kampala haina. Kololo, Naguru, Muyenga: dakika tatu, nne, halafu juu kabisa unakutana na geti la mtu na mbwa wake. Wenye bahati ni watu wa Mbale, wenye mpando wa Sipi, na watu wa Kabale, ambao barabara ya Kisoro inapopanda kwenda Kanaba wanaweza kukanyaga mpaka wachoke wao. Kwenye barabara kuu ya Jinja siwezi kumtuma mtoto wa mtu. Moyo ukiwa asilimia 90 husikii trela, macho yanabaki kwenye gurudumu la mbele, na akili iliyobaki ni ya kuhesabu sekunde. Sisi wengine tunaingia kwenye murram kati ya miwa upande wa Lugazi, ambako hatari kubwa ni trekta, na trekta angalau unaliona kwa mbali.

Nimesema mengi kuhusu intavo kuliko nilivyokusudia, na hiyo yenyewe ni dalili ya ugonjwa wetu. Kila mtu ana maneno ya kusema kuhusu siku kali. Siku nyepesi haina mashabiki.

Na hapa nchini siku nyepesi ina adui ambaye sijasikia makocha wakimtaja: meno ya baiskeli. Baiskeli nyingi za mashindano mikononi mwa vijana wetu ni mtumba wa Ulaya, zilizotengenezewa watu wa nchi tambarare au mabingwa. Ukizikagua utakuta gia ndogo ya mbele ni meno 39 na kubwa kabisa ya nyuma ni 23. Nimepiga hesabu. Kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita tatu na nusu. Mlimani, hata ukizungusha taratibu mizunguko 60 kwa dakika, ambayo tayari ni kusaga magoti, unakwenda karibu kilomita 13 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 10, ambao Kampala ni jambo la kawaida, kijana wa kilo 60 mwenye baiskeli ya kilo 9 au 10 atahitaji karibu wati 260 ili tu asianguke. Wati 260 kwa kilo 60 ni kiwango cha mwendeshaji mzuri anaposhindana peke yake na saa. Huyo kijana ametoka nyumbani kwake Kireka kwenda kupumzika.

Sasa mpe 34 mbele na 32 nyuma. Mzunguko ule ule wa 60 unampeleka kilomita 8 kwa saa, na kazi inashuka kuwa karibu wati 160. Anapanda akipumua kwa pua. Anaweza kuongea na mama anayeuza ndizi kando ya barabara.

Kwa hiyo kijana akiniuliza anunue nini kwanza ili afanye intavo vizuri, simjibu mita ya wati, kifaa cha kupima nguvu za miguu ambacho hupita shilingi milioni moja kwa urahisi. Namwambia akanunue kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, yenye meno 32, na ile 34 ya mbele akiipata. Fundi atamwambia na ule mkono wa kubadilishia gia nyuma nao ubadilishwe, awekewe mrefu, na fundi ana haki. Hata ukijumlisha yote hufiki nusu ya bei ya mita. Akibakiwa na pesa, mkanda wa kifuani wa kupima mapigo. Kaseti kubwa ndiyo inayomruhusu kuwa na siku nyepesi katika mji wa vilima, na bila siku nyepesi intavo zake ni uchovu uliopewa jina zuri.

Pesa, hata hivyo, ni kizuizi kidogo kuliko aibu. Kilomita 8 kwa saa, umevaa nguo za kubana za rangi tatu, kofia ya mashindano kichwani, na mwanafunzi anayerudi shule na baiskeli ya Hero ya babake anakupita akicheka. Mwendesha boda anakupunguzia mwendo na kukuuliza kama una shida. Nimewahi kuona mtu mzima, baba wa watoto, akikanyaga kama anafukuzwa ili tu asipitwe na muuza mkate, na siku ile alikuwa na homa.

Na lile kundi la mwisho wa wiki, jamani, tulichukue kama lilivyo. Ile ni intavo. Kila kilima mtu anachomoka, kila bango la mji watu wanakimbilia, moyo unapanda na kushuka mara 40. Ukiwa na kundi Jumapili, basi nafasi yako ya siku kali imebaki moja katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano. Mbili kwa wiki zinatosha kwa karibu kila mtu ninayemfahamu. Wanaofanya nne sijaona wakidumu msimu.

Wapo watakaonirushia mfano wa wakimbiaji wetu wa Sebei, kule Mlima Elgon. Joshua Cheptegei alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka mmoja, 2020, na akachukua dhahabu ya 10,000 Paris. Je, alifika huko kwa uvivu? Nenda Kapchorwa asubuhi ya siku ya nafuu. Utawakuta watu wanaoweza kumaliza kilomita kumi chini ya dakika 30 wakitembeza miguu kwa mwendo ambao wewe na tumbo lako mngeweza kuufuata, wanapiga soga, hakuna anayetangulia. Kesho yake kwenye uwanja huwatambui.

Huko huko milimani kuna zawadi ambayo waendesha baiskeli bado hatujaifungua. Kapchorwa iko juu, jirani ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mbale chini yake iko kwenye mita 1,100 na kitu. Mwaka 1997 Wamarekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha kwamba wakimbiaji waliolala mita 2,500 na kufanya mazoezi makali mita 1,250 walipata faida kuliko waliokaa juu au chini muda wote, kwa sababu juu damu inatajirika lakini hewa nyepesi inakunyima wati za siku kali. Kapchorwa haifikii 2,500, kweli. Lakini mtu anaweza kulala huko, kuteremka asubuhi ya Jumanne, kufanya vipindi vyake kwenye tambarare ya Mbale, na kurudi kwa matatu. Watu wa Ulaya wanalipa hoteli kwa mpangilio wa namna hiyo.

Tunachojiandalia nacho tukijue. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, mwendo wa usiku mmoja wa basi kutoka Kampala. Wanaume walipewa kilomita 267.5 na mipando iliyojumlisha zaidi ya mita 5,400. Walioona mstari wa mwisho walikuwa 30 tu. Watu wanakumbuka Tadej Pogačar alivyochomoka zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho. Mimi nakumbuka mzunguko wa kilomita 15 uliorudiwa mara 15, wenye vilima viwili, ule wa uwanja wa gofu na ule wa mawe wa Kimihurura, kila kimoja dakika mbili hadi tatu kwa watu wale. Piga hesabu: intavo 30 za dakika mbili au tatu, ndani ya zaidi ya saa sita. Ya kwanza hata wewe ungeiweza. Swali ni ya 22, saa ya tano, na hilo linajibiwa na saa nyingi za mwendo mwepesi zilizotangulia. Charles Kagimu alipobeba rangi za Uganda kwenye mbio za barabara za Olimpiki ya Paris 2024, zilikuwa kilomita 273. Hakuna programu ya dakika nne inayomwandaa mtu kwa siku ya namna hiyo.

Nikubali upande wa pili. Mtu wa ofisi au wa duka mwenye saa tano kwa wiki, anayetaka afya na mbio mbili tatu fupi kwa mwaka, asifungwe na hesabu ya nane kwa kumi. Martin Gibala na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 2006 kwamba wiki mbili za mikimbio michache ya sekunde 30 ziliibadilisha misuli karibu sawa na mazoezi marefu ya saa moja na nusu hadi mbili. Kwa mwenye saa chache ukali ni mkombozi. Ninaowasema ni wale wenye saa 12, 15, wanaotaka kuishi kwa mchezo huu.

Jambo moja zaidi, maana limeniuma. Vitabu vya Ulaya vinasema ukiamka mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida, miguu mizito, huna hamu, hiyo ni dalili ya mazoezi kupita kiasi. Vinasema kweli, kwa Ulaya. Hapa dalili hizo hizo ni malaria. Nilimpumzisha kijana mmoja siku nne nikijiona kocha mwerevu, kumbe mtoto ana vijidudu. Alipopimwa alikuwa hawezi kusimama. Tangu siku ile kanuni yangu ni kipimo cha damu kwanza, nadharia baadaye. Na kuna dalili ya tatu ambayo haifanani na malaria: unakanyaga kwa nguvu zote, kifua kinawaka, lakini moyo unakataa kupanda, unakwama 160 wakati wiki mbili nyuma ulifika 180. Mwili umefunga duka. Hapo usibishane nao. Kula kikomando, chapati mbili na maharage, lala.

Yule kijana wa simu alinunua kaseti mwezi uliopita, ya mkono wa pili, meno 32. Nikamwambia Jumatatu na Alhamisi asivuke mapigo 130, hata apitwe na nani. Alhamisi ya kwanza akanipigia simu kutoka juu ya kilima cha Seeta, sauti ya mtu aliyefiwa.

"Mzee, nimepitwa na muuza maziwa. Ana mitungi miwili."

"Mapigo yako yalikuwa ngapi?"

Kimya kidogo, anaangalia.

"Mia na ishirini na nne."

"Haya. Yeye alikuwa anahema?"

"Alikuwa anahema sana," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.